Jinsi ya Kusoma Chapisho la Mtandaoni Kabla Hujaliamini: Mwongozo Kamili

Agosti 2019, msitu wa Amazon ulipokuwa ukiungua, Rais Emmanuel Macron wa Ufaransa aliweka Twitter picha ya miti ikiteketea, akaandika kwamba nyumba yetu inawaka moto. Picha ilikuwa ya Amazon kweli, na moto ulikuwa moto kweli. Ila aliyeipiga, Loren McIntyre, alikuwa amefariki tangu 2003. Siku hizohizo mwanasoka Cristiano Ronaldo naye aliweka picha ya moto akiwahimiza watu waiombee Amazon. Yake ilipigwa 2013, tena kusini kabisa mwa Brazil, mbali na msitu wenyewe.

Hakuna kati yao aliyetunga uongo, na moto wa mwaka huo ulikuwepo. Ndiyo maana naanza na hao: swali la "hii ni kweli au uongo?" ni butu mno kwa kazi hii. Sehemu kubwa ya yanayotupotosha mitandaoni ni vitu vya kweli vilivyowekwa mahali pasipo pake: picha halisi yenye maelezo ya tukio jingine, nukuu halisi iliyokatwa mkia, namba halisi isiyo na ya kulinganishwa nayo. Picha ile ya McIntyre unaweza kuikodolea macho kutwa nzima usione kasoro, kwa sababu haina. Kasoro iko nje yake. Hatua zote zinazofuata zimesimama juu ya jambo hilo: chapisho hulijui kwa kulitazama zaidi, unalijua kwa kutoka ndani yake ukaenda kuuliza limetoka wapi.

Hatua ya kwanza: tulia, ujisome wewe kwanza

Kabla hujagusa kitufe cha kusambaza, angalia kilichotokea moyoni. Umekasirika? Umeogopa? Umefurahi kwa sababu mtu usiyempenda kaumbuka? Hisia hizo hazithibitishi kwamba chapisho ni la uongo, lakini zinakueleza kwamba muda huu ndio muda wako wa hatari.

Watafiti watatu wa chuo kikuu cha MIT cha Marekani, Soroush Vosoughi, Deb Roy na Sinan Aral, walichapisha mwaka 2018 katika jarida la Science uchunguzi wa habari zipatazo 126,000 zilizosambaa Twitter kati ya 2006 na 2017. Waliona kwamba habari ya uongo ilikuwa na uwezekano wa asilimia 70 zaidi wa kusambazwa tena kuliko ya kweli, na waliojibu habari hizo za uongo walionyesha zaidi mshangao, hofu na karaha. Jambo ambalo mimi huwa nalirudia kwa kila mtu ni hili: si akaunti za roboti zilizoleta tofauti hiyo. Roboti zilisukuma kweli na uongo kwa kasi ileile. Walioupendelea uongo ni watu wenye akili zao timamu.

Wala usidhani ni hasira tu inayotuponza. Machi 2020, wakati watu wamefungiwa majumbani kwa ajili ya korona, zilienea video za pomboo wakiogelea kwenye mifereji ya Venice, kwamba eti viumbe wamerudi baada ya binadamu kuondoka. Pomboo walikuwa wa kweli, lakini video ilirekodiwa bandarini Cagliari, kisiwani Sardinia, mamia ya kilomita kutoka Venice. Watu waliisambaza kwa sababu iliwafariji. Kwa hiyo unapoona habari unayotamani sana iwe kweli, iongezee ukali. Tunawakagua wapinzani wetu vizuri kabisa. Tunaolegeza kamba kwao ni wale wanaosema tunayotaka kuyasikia.

Hatua ya pili: liandike dai kwa sentensi moja

Hatua hii watu wengi huiruka, na binafsi naiona ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote. Chukua maneno ya chapisho uyaandike kwa sentensi moja yenye mtendaji, tendo, mahali na wakati. Fulani alifanya hiki, hapa, tarehe hii.

Jaribu na chapisho la aina hii: "Haya ndiyo wasiyotaka uyajue kuhusu dawa unazokunywa kila siku. Amka!" Andika dai lake. Huwezi, halipo. Ni nani hao wasiotaka? Dawa ipi? Inafanya nini? Chapisho limekuachia hofu bila kukupa kitu cha kuhakikisha, na lisilohakikishika halistahili kusambazwa, hata kama baadaye lingeonekana lina chembe ya ukweli.

Kuna na maswali yanayovaa nguo za dai. "Je, huyu kiongozi ameiba?" Mwandishi hajasema ameiba, kwa hiyo hawezi kubanwa, lakini wewe umeondoka na wizi kichwani. Ligeuze swali kuwa kauli, kisha uliza ushahidi uko wapi.

Ukishaandika sentensi yako, tenga kilicho tukio na kilicho maoni. "Wizara imepandisha ada" ni tukio, linaweza kuhakikishwa. "Wizara haijali watu" ni maoni. Maoni hayahakikishwi, yanajadiliwa, na mtu ana haki nayo. Machapisho mengi hupachika maoni mazito juu ya tukio dogo la kweli, halafu ukihoji maoni unaonyeshwa tukio. Dhihaka nayo huhesabiwa hapa: kuna kurasa zinazoandika vichekesho kwa mtindo wa habari na kujitambulisha wazi kwenye wasifu wao, lakini mtu akichukua picha ya skrini na kuituma kwingine, utambulisho ule hubaki nyuma.

Hatua ya tatu: toka nje

Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwaketisha watu 45 mbele ya kompyuta wapime uaminifu wa tovuti: wanahistoria 10 wenye shahada za uzamivu, wanafunzi 25 wa Stanford, na wahakiki habari 10 wa kitaaluma. Wanahistoria na wanafunzi walisoma ukurasa kwa makini kutoka juu hadi chini, wakaangalia nembo, mpangilio na jina la tovuti, na mara nyingi walidanganyika. Wahakiki waliusoma kidogo tu, wakauacha, wakafungua kurasa nyingine za kivinjari kuuliza: hawa ni nani, na wengine wanasemaje juu yao? Walipata jibu sahihi zaidi, tena kwa muda mfupi zaidi.

Usomaji makini tuliofundishwa shuleni, wa kukaa na maandiko mpaka yafunguke, unamfaa mtu anayesoma kitabu alichokwisha kukiamini. Mtandaoni, kila kilichomo ndani ya ukurasa kimewekwa na mwenye ukurasa. Nembo anaitengeneza mwenyewe, na sehemu ya "Kuhusu sisi" anaiandika mwenyewe pia.

Basi fanya hivi. Fungua ukurasa mpya wa kivinjari, andika maneno makuu ya sentensi uliyoiandika katika hatua ya pili, kisha utafute. Usibofye jibu la kwanza papo hapo. Shuka polepole kwenye orodha ya majibu, usome majina ya vyombo na tarehe. Unatafuta mambo mawili: je, kuna vyombo visivyotegemeana vilivyoripoti jambo hili, na nani aliliripoti mapema kuliko wote? Kumi wanaonukuu mmoja ni shahidi mmoja. Ukikuta tovuti zote zimeandika maneno yaleyale, wamenakili, tafuta aliyenakiliwa.

Ongeza neno "uzushi" au "uhakiki" mbele ya maneno yako. Africa Check, PesaCheck na AFP huhakiki madai yanayosambaa, na si ajabu lako likawa limeshafanyiwa kazi.

Hatua ya nne: nani anasema

Zamani tiki ya buluu ya Twitter ilimaanisha kampuni imethibitisha mwenye akaunti. Novemba 2022 ikaanza kuuzwa, na ndani ya siku chache akaunti bandia iliyojiita kampuni ya dawa ya Eli Lilly, ikiwa na tiki yake, ikatangaza kwamba insulini sasa inatolewa bure. Kampuni halisi ikalazimika kuomba radhi kwa waliopotoshwa. Hivyo tiki siku hizi isikutulize kabla hujajua ilipatikanaje kwenye mtandao huo.

Soma jina la akaunti herufi kwa herufi, hasa lile linaloanza na alama ya @. Herufi moja iliyoongezwa au kistari kilichochomekwa kinatosha kukutoa kwenye wizara halisi na kukupeleka kwa tapeli. Kisha angalia historia. Facebook na Instagram zina sehemu inayoonyesha akaunti ilifunguliwa lini na imewahi kutumia majina gani. Ukurasa uliokuwa wa vichekesho mwaka jana na leo ni wa "habari za dharura" umebadilishwa matumizi, au umeuzwa pamoja na wafuasi wake.

Akaunti halisi nayo si kinga. Tarehe 23 Aprili 2013 akaunti ya shirika la habari la Associated Press iliandika kwamba milipuko miwili imetokea Ikulu ya Marekani na Rais Barack Obama amejeruhiwa. Wadukuzi walikuwa wameiteka. Ndani ya dakika chache kipimo cha Dow Jones cha soko la hisa la Marekani kiliporomoka kwa pointi zaidi ya 140, kisha kikarudi ilipobainika ni uongo. Aliyeuliza swali moja tu angepona: Ikulu imejaa waandishi wa habari kutwa, mbona hakuna mwingine anayesema?

Halafu uliza anapata nini. Si lazima awe mwovu. Anaweza kuwa anauza kitu, anatafuta wafuasi, anatetea chama, au ana uchungu wa kweli. Kujua maslahi ya mtu hakulitupi dai lake, kunakuonyesha pa kukagua zaidi.

Hatua ya tano: picha na video

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo tunaponaswa zaidi.

Picha itafute kwa picha. Kwenye simu, Google Lens inakuwezesha kubonyeza picha na kuona ilikowahi kutokea. TinEye, iliyoanza 2008, ina uwezo wa kupanga majibu kuanzia ya zamani zaidi, na hilo ndilo unalolihitaji: kama chapisho linasema "leo asubuhi" na picha ilishakuwepo miaka sita iliyopita, kazi imekwisha. Kabla ya kutafuta, kata maandishi yaliyobandikwa juu ya picha, yanaivuruga mashine. Ukikosa jibu, kata kipande kimoja tu chenye kitu cha pekee, kama jengo au bango, utafute hicho. Kutopata kitu hakuthibitishi kwamba picha ni mpya.

Video huwezi kuitafuta nzima kirahisi. Isimamishe sehemu tatu au nne tofauti, piga picha za skrini, kisha tafuta kila moja. Ukiwa hapo, soma vilivyo nyuma ya mhusika: lugha ya mabango, namba za magari, upande wa barabara yanakopita, nguo za wapita njia, urefu wa vivuli. Kama video inasemwa ni ya adhuhuri na vivuli vimelala virefu, uliza. Isikilize pia, watu wa nyuma wanaongea lugha gani?

Mfano mzuri wa haya yote ni papa wa barabarani. Mwaka 2011, kimbunga Irene kilipopita, ilienea picha ya papa akiogelea kwenye barabara iliyofurika Puerto Rico, imepigwa kutoka ndani ya gari. Mwaka 2017 kimbunga Harvey kilipoifurisha Houston, papa yuleyule akaibuka tena, na vimbunga vingine vikaendelea kumfufua. Papa huyo alikatwa kutoka picha maarufu ya Thomas Peschak, iliyopigwa baharini Afrika Kusini, inayoonyesha papa mkubwa akiufuata mtumbwi. Ukiziweka picha mbili pamoja unaona mkunjo uleule wa mwili na pezi lilelile, ila mtumbwi hakuna.

Sasa sikia upande wa pili. Septemba 2022, wakati wa kimbunga Ian, ilitoka video ya samaki mkubwa mwenye mapezi yaliyochongoka akitapatapa kwenye ua uliofurika Fort Myers, Florida. Waliokwisha kumzoea papa wa uongo walicheka. Associated Press walikwenda kwa aliyeirekodi, wakakagua taarifa za faili halisi na mahali penyewe, wakathibitisha video ni ya kweli. Watu wenye kawaida ya kusema "hizo zote ni feki" walikosea kama wale walioamini papa wa Houston, na kwa sababu ileile: hawakuangalia. Anayekataa kila kitu naye ni rahisi kutumika, kwa kuwa mwenye makosa ya kweli akirekodiwa anachohitaji ni kusema tu kwamba video imetengenezwa.

Kuhusu akili mnemba (AI). Machi 2023 picha ya Papa Francis, kiongozi wa Kanisa Katoliki wakati huo, amevaa koti jeupe zito la kisasa iliwadanganya wengi. Ilitengenezwa kwa programu ya Midjourney. Mei mwaka huohuo picha bandia ya moshi karibu na Pentagon, makao makuu ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani, iliyumbisha soko la hisa kwa dakika chache kabla ya mamlaka kukanusha. Wakati huo tuliambiana tuhesabu vidole na tuangalie maandishi yaliyopinda. Bado unaweza kuangalia, ila usiegemee hapo, kwa sababu programu hizi zinarekebishwa kila siku na alama hizo zinapotea. Swali lisilochakaa ni la chanzo: nani aliiweka kwanza, alikuwa wapi, na kuna mtu wa pili aliyelipiga tukio hilo kutoka upande mwingine? Mlipuko mchana kweupe mjini hupigwa na simu nyingi. Ukiwa na pembe moja tu, subiri.

Klipu ya sauti ni ngumu zaidi, haina pa kutafutiwa. Uliza ilisemwa kikao gani, tarehe gani, mbele ya nani. Isipokuwa na majibu hayo, iache.

Hatua ya sita: namba

Oktoba 2015 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani, IARC, ilitangaza kwamba nyama iliyosindikwa inasababisha saratani, na kwamba kila gramu 50 zinazoliwa kwa siku huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa takriban asilimia 18. Kwenye mitandao ikawa "soseji ni sawa na sigara" na "walaji wa soseji, asilimia 18 watapata saratani". Zote mbili si kweli, ingawa zimejengwa na maneno ya ripoti yenyewe.

Tuipige hesabu. Tuchukulie kati ya watu 100, watu 5 wangepata saratani hiyo maishani mwao hata bila soseji. Asilimia 18 ya hao 5 ni kama 0.9. Wakila gramu 50 kila siku wanafika karibu 6 kati ya 100. Ongezeko lipo na si la kupuuzwa, lakini si watu 18. Kila unapoona "imeongezeka kwa asilimia kadhaa" au "imeongezeka maradufu", uliza kutoka ngapi hadi ngapi. Kutoka mtu 1 hadi watu 2 kati ya milioni nako ni maradufu.

Na sigara je? IARC iliweka nyama iliyosindikwa kundi moja na tumbaku kwa kuwa ushahidi kwamba vyote viwili vinasababisha saratani ni wa uhakika. Kundi lile linapima uhakika wa ushahidi, halipimi ukubwa wa hatari. Kosa hili lisingeonekana kwa kusoma chapisho. Linaonekana kwa kufungua maelezo ya IARC yenyewe, ambayo yaliyaeleza haya waziwazi.

Kwenye grafu angalia mstari wa pembeni unaanzia wapi. Ukianzia 95 badala ya sifuri, tofauti ya 96 na 98 itaonekana kama mlima.

Hatua ya saba: nukuu, picha za skrini na vipande

Picha ya skrini ya chapisho la mtu si ushahidi kwamba aliliandika. Mtu yeyote mwenye kompyuta anaweza kubadilisha maneno ya ukurasa ndani ya kivinjari chake na kuyapiga picha, haichukui hata dakika moja. Nenda kwenye akaunti yenyewe. Ukiambiwa "amefuta", jaribu Wayback Machine, hifadhi ya kurasa za intaneti ya Internet Archive. Mara nyingine nakala imebaki. Nukuu iweke ndani ya alama za kunukuu unapotafuta, ili upate maneno yaleyale kwa mpangilio uleule.

Klipu fupi itafutie hotuba nzima, usikilize dakika mbili kabla na dakika mbili baada. Wasemaji wengi huanza kwa kutaja hoja ya mpinzani ili waipinge, na hapo ndipo mkasi unapopita.

Hatua ya nane: ujumbe uliopita mikono mingi

WhatsApp huweka mishale miwili na maneno ya kuonyesha kwamba ujumbe umesambazwa mara nyingi, yaani umepita angalau mikono mitano kabla ya kukufikia. Tangu Aprili 2020 ujumbe wa namna hiyo unaweza kuupeleka gumzo moja tu kwa wakati. Ukiiona mishale hiyo, jua aliyekutumia si chanzo. Anaweza kuwa mtu unayemwamini kuliko wote, lakini naye kapokea tu.

Kuuona ujumbe katika magrupu manne nako si uthibitisho, ingawa akili itakuambia ndiyo. Mwaka 1977 Lynn Hasher, David Goldstein na Thomas Toppino walionyesha kwamba watu huikadiria kauli kuwa ya kweli zaidi kwa sababu tu wamewahi kuisikia kabla. Mtandao nao hukuongezea kinachofanana na ulichokwisha kukibofya, kwa hiyo wingi unaouona ni wingi wa ukurasa wako. Usiuhesabu kama wingi wa watu wote.

Hatua ya tisa: toa uamuzi wako, kisha uheshimu

Ukimaliza kukagua, jiandikie moja kati ya haya: imethibitika, imekanushwa, ni kweli ila si ya hapa wala ya leo, au sijui bado. Hilo la mwisho ni jibu kamili, halihitaji kuonewa aibu. Saa za mwanzo za tukio kubwa, hata wanahabari waliopo hapo hawajui mengi. Tofauti ni kwamba aliyesema "sijui bado" hasambazi.

Kumrekebisha mtu, hasa wa nyumbani, mfuate pembeni kwanza. "Shangazi, ile picha ya mafuriko uliyotuma jana nimeitafuta, kumbe ni ya mwaka 2013 na ni ya nchi nyingine. Hii hapa ya mwanzo." Mpe kiungo, usimpe somo. Ukimvunjia heshima mbele ya ukoo mzima atakaa kuitetea picha, hata kama moyoni ameshajua.

Na kama uliyesambaza ni wewe, usifute kimyakimya. Waliosoma wameshaondoka nayo, na wengine wameshaipeleka mbele. Rudi palepale ulipoiweka, andika nini hakikuwa sahihi na ukweli ni upi, ndipo ufute. Ikiwa mtandao unaruhusu kuhariri, weka sahihisho mwanzoni kabisa, juu ya maneno ya zamani, ili anayefika kwa kiungo cha jana akutane nalo kwanza.